Ndoo za Maji Juu ya Zege

Zege halipendi Novemba ya Erzurum, mji wetu wa milimani huku Uturuki. Hilo sikufundishwa na mtu. Nimelijua kwa kuharibu kazi zangu mwenyewe.

Mwaka huo sikuwa na hiari. Mwanangu Tarkan aliitwa jeshini mapema kuliko tulivyotegemea, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mama yake mgongoni kushuka ngazi za mlangoni hadi kwenye gari la hospitali. Mke wangu, Zekiye, husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ngazi zenyewe zilikuwa zimeliwa na chumvi tuliyoimwaga kila zilipoganda, zikabaki mapengo. Watu wa gari walisema bila ukali: kiti cha magurudumu kikipata njia, watakuja. Kisipopata, wao hawawezi kumbeba, na mgongo wangu haunyanyui hata gunia la viazi.

Kwa hiyo, ama nijenge mteremko wa zege juu ya ngazi zile na ushike kabla ya theluji, ama Zekiye aende kwa kaka yake katika mji wa mbali wa Bursa mpaka baridi iishe.

"Bursa nitafia kwenye kochi la wifi yangu," alisema.

Mimi na Tarkan tulimwaga zege siku moja kabla ya safari yake. Tulichanganya kwa maji ya uvuguvugu, machache. Juu tukatandaza nailoni, kisha majani makavu, kisha mablanketi yote mazito ya nyumba.

Jirani yetu Haydar, dereva mstaafu, alisimama akitazama. "Dursun, umeivalisha simiti pijama. Isomee na hadithi basi, ilale."

"Hii ikipigwa na baridi haiamki tena," nikamwambia.

Asubuhi nilipenyeza mkono chini ya nailoni, nikakuta vuguvugu. Zege changa lina joto lake. Kazi yetu ni kulizuia lisitoroke. Nilimwambia Zekiye, naye akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Adhuhuri wakaja watu na ngoma na zumari kumsindikiza kijana. Tarkan alimbusu mama yake mkono, akatoka kwa mlango mwembamba wa zizi, nyuma ya nyumba, ili asikanyage zege. Nilikwenda naye hadi kituo cha basi. Pale mlangoni pa basi alinishika bega.

"Baba, mama asiende Bursa."

"Haendi."

Niliporudi jua lilikuwa limeinama. Mablanketi yalikuwa mazito, yanachuruzika, na pembeni yameanza kukakamaa.

"Nani kamwaga maji hapa?"

"Sote," alisema Nimet, mke wa Haydar. "Kila mwanamke na ndoo yake. Ulitaka mtoto aende jeshini kikavukavu? Msafiri anamwagiwa maji nyuma yake, aende kama maji, arudi kama maji."

"Si mngemwaga barabarani?"

"Mama yake hafiki barabarani, shemeji. Alianza yeye, hapa mlangoni. Sasa sisi tungempita twende wapi?"

Zekiye alikuwa kwenye kiti chake, ndoo tupu mapajani.

"Nilijua kuna zege chini," alisema. "Usinitazame hivyo. Nilijua. Ningemwachaje aende bila maji, Dursun?"

Niliinama nikashika pindo la blanketi la kwanza.

Blanketi bichi halizuii baridi. Huipokea na kuipitisha. Tuliyavuta yote. Nimet alikimbia kwake akarudi na mablanketi ya sufu aliyomwekea bintiye kwa ajili ya harusi. Haydar alileta turubai la lori. Hayakutosha, na upepo wa mlima Palandöken ulikuwa umeshashuka.

"Chukueni jiko," Zekiye akasema kutoka ndani.

"Utaganda wewe."

"Nitavaa koti lako. Litoeni!"

Mimi na Haydar tulilibeba lingali na moto, mgongo wangu ukiniuma, tukalisimamisha chini ya turubai, bomba likitoa moshi nje. Haydar alikuwa akililisha samadi kavu, kuni zetu za huku, macho yakimtoka machozi.

"Simiti ina jiko, mwenye nyumba hana," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Upepo ulipasua turubai kule chini, mahali maji yote yalipokusanyika. Nilijilaza juu ya pindo lake kwa uzito wangu wote. Ulipasua kwingine.

Kulipokucha nilichukua msumari. Juu, karibu na mlango, haukuingia. Nikashuka taratibu, nikijaribu kila mahali. Katikati ukaacha mchirizi mweupe. Nusu yote ya chini ukazama kama kwenye keki, na nilipoinua kidole, uso wa zege ulikuja nao.

Zekiye alikuwa akinitazama kupitia dirishani, amevaa koti langu. Kabla sijasema neno simu yake ikalia. Nilimsikia akijibu.

"Ndiyo, mwanangu... Imeshika. Kama jiwe. Baba yako yuko nje anaisifia." Akasikiliza kidogo. "Kula vizuri. Vaa soksi mbili."

Akakata nilipoingia ndani. Mikono yake ilikuwa ya buluu kwa baridi.

"Lirudishe jiko ndani," aliniambia. "Kisha mpigie kaka yangu. Mwambie wifi nisipewe lile kochi."

Nilirudi nje. Haydar alikuwa ameshashika upande wake wa jiko, ananingoja.