Wali wa Mtoto wa Nyumba

Kila nyumba ya zamani hapa mjini Tono ina mtoto wake. Haonekani, lakini akiwemo, nyumba inaneemeka; akihama, imekwisha. Mama mkwe wangu, Tane, humwekea wali wa maharage mekundu chumba cha nyuma, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Mume wangu Kiyohiko, aliyejifunzia upishi Italia, ndiye aliyemfanya mtoto huyo biashara. Mgahawa akauita Mtoto wa Nyumba, akamchora mlangoni na mashavu mekundu. Chakula kikuu kikawa wali ule ule, ila umetiwa jibini na kuokwa kwenye tanuri la kuni. Mama alitupatia nyumba iwe mgahawa kwa sharti moja: aonje kwanza. Asiporidhika, hatufungui.

Wakati wa ujenzi alihamia kwa jirani; siku ya kufungua akaja na fimbo yake, akapita kwenye meza, akaingia jikoni. Fimbo ikamponyoka.

"Nani kakwambia ujenge tanuri hapo?"

"Mama, hiyo si kona ya magunia tu?" Kiyohiko alicheka. "Au nimemkalia mtoto wako?"

"Ndiyo."

Tulidhani anatania, kumbe sivyo.

"Mwaka wa njaa kuu, wazee wa nyumba hii walikuwa na watoto wengi kuliko chakula. Wakamtoa mdogo, msichana. Hawakungoja afe mwenyewe. Wakamzika hapo jikoni, asiwe mbali na chungu. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia. Na wewe unamwashia moto kichwani, halafu unamchora mashavu!"

Miaka yote nimekanyaga pale na ndoo zangu, naimba! Kiyohiko akanyakua koleo, akaanza kutoa makaa mbio mbio, vidole vikimuungua. Mlangoni wageni walikuwa wameshaanza kuvua viatu.

"Basi, Mama. Hatufungui," akasema. "Nisamehe."

Mama aliliangalia bakuli lake la kuonja, bado linafuka mvuke. Hakuligusa.

"Mpelekee yeye kwanza, chumba cha nyuma. Kesho uvunje hilo tanuri, ukajenge uani. Wageni wape kilichokwisha kuiva."

Kiyohiko alilibeba bakuli kwa mikono miwili. Akasita.

"Na jibini, Mama? Niitoe?"

"Iache," Mama akasema. "Yule alizikwa hata wali mtupu hajauonja."