Zamu ya Liliane

Lenzi ya kamera ilikuwa moja, wenyewe wawili. Cherotich, muuguzi katika hospitali moja ya Lewisville, na Liliane, Mrundi aliyesafisha wodi ileile, waliinunua pamoja mwaka 2017. Ilikuwa ndefu na nzito, na makubaliano yao yalikuwa mepesi: kila maonyesho ya ndege yana mwenye zamu. Mwenye zamu hushika lenzi. Mwenzake hupiga picha kwa lenzi fupi ya kawaida na kubeba maji.

Cherotich ndiye aliyemfundisha Liliane kazi hiyo. Alimweleza kwamba Harrier, ndege ya kivita inayopaa wima, ikisimama hewani, joto lake huichemsha hewa chini yake, na picha hutoka kama ya kitu kilichozama majini. Subiri, alimwambia, mpaka igeuze pua ikutazame. Alimkataza pia kugusa swichi ndogo ubavuni mwa lenzi, ile inayoizuia lenzi kujilenga yenyewe, ukaona ukungu mtupu.

Liliane akasikia. Katika zamu yake ya kwanza, huko Fort Worth, alisubiri pua igeuke, akabonyeza, akapata picha ambayo hata kidevu cha rubani kilionekana. Waandaaji waliiweka kwenye ukurasa wao. Warundi wa parokia yake kule Garland waliichapisha kubwa na kuitundika ukumbini. Wodini, madaktari ambao hawakuwahi kujua jina lake walianza kumwita mpiga picha, na wakamwambia Cherotich, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba rafiki yake ana kipaji. Cherotich alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Picha zake mwenyewe, mia nane na ushei, zilikuwa zimezama majini zote. Kusubiri alikujua kwa kufundisha tu.

Oktoba ya mwaka uliofuata, Fort Worth ilikuwa zamu yake. Mawingu yakashuka, Harrier ikapita mara moja kwa kasi, ikaenda zake bila kusimama. Wiki iliyofuata walikuwa njiani kwenda Houston, anga imetakata, na zamu ilikuwa ya Liliane. Cherotich alianza kwa kuzunguka maneno, kwamba siku ya mawingu si siku, kwamba mtu angeweza kusema zamu ile haikuwahi kutumika.

Liliane akacheka. "Dada Chero, mawingu si mimi niliyeyaleta."

Ulikuwa utani, tena wa kweli, na kwa hiyo ukamchoma Cherotich.

Uwanjani, Liliane alikwenda kupanga foleni ya choo akamwachia kamera mapajani. Cherotich aliitazama kwa muda mrefu. Kisha kidole chake kikaisukuma swichi, taratibu, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo ya mwenzake.

Harrier iliingia kutoka kushoto, ikapunguza mwendo mpaka ikasimama juu ya njia ya ndege, na mngurumo wake ukaingia hadi kwenye meno. Watoto waliziba masikio. Liliane aliinua kamera, akaishusha, akakifuta kioo cha lenzi kwa ncha ya kitenge, akainua tena. Akamgeukia Cherotich na kumsogelea sikioni ili asikike.

"Dada, nisamehe. Nimeiharibu lenzi yetu. Shika wewe, labda wewe itakusikia."

Akamwekea mikononi.

Juu, Harrier ilianza kugeuza pua. Cherotich aliweka jicho, akaona ukungu wa kijivu. Alihitaji kusukuma swichi tu, na picha aliyoililia mwaka mzima ingekuwa yake, kwa zamu ya mwenzake, na kwa idhini yake. Lakini Liliane hakuwa akiitazama ndege. Alikuwa akivitazama vidole vya mwalimu wake, kama siku zote, ili ajifunze.

Cherotich akaisukuma swichi mbele ya macho yale, kisha akamrudishia kamera.

"Haijaharibika. Niliizima mimi."

Liliane alimwangalia kidogo tu, kwa sababu ndege haisubiri. Aliinua kamera. Harrier iliwageukia, ikainamisha pua kama inayowasalimu, na yeye akabonyeza mara tatu, nne, kisha ikaondoka.

Wakirudi kumshusha Liliane Garland, walipita Huntsville, wakapita Corsicana. Waliposimama kujaza mafuta, Liliane alifungua kioo cha kamera na kumsogezea. Pua ya ndege ilikuwa katikati, kila msumari unahesabika, na ndani rubani ameinua mkono. Ilizidi ile ya Fort Worth. Cherotich alihisi wivu ukimpanda tena, uleule, haukupungua hata kidogo kwa kuungama.

"Unaonaje?" Liliane akauliza.

Alitaka kusema ni nzuri. Lilikuwa neno la kweli, na la kujificha nyuma yake.

"Naona ningetaka iwe yangu."

Liliane aliizima kamera, akaifungia kwenye begi, akaliweka begi upande wake, miguuni.

"Ungeniambia hivyo asubuhi," alisema, "ningekupa. Nilikuwa nakutania tu, nikingoja uombe vizuri."

Kisha akafunga mkanda na kugeukia dirishani. Cherotich akawasha gari. Garland ilikuwa bado saa nzima mbele yao.