Mtoto wa Mkate

...si lozi hii, wala si tini, ni yeye, kichwa chake hiki hapa kwenye ufizi na vimiguu vyake vinanichoma chini ya ulimi, Mama Bikira wa Guadalupe, kati ya watu wote waliokaa meza hii umeona unitupie mimi, na kipande chenyewe nilijikatia chembamba makusudi, pale mwishoni palipobonyea, nikasema huku hayupo, kumbe alikuwa ananingoja, na Doña Chole amesimama mbele yetu mikono kiunoni, banda lake la wageni hapa ufukweni, mkate wa Wafalme, wa Sikukuu ya Mamajusi hii ya Januari, kaununua yeye kama kila mwaka, anasema jamani, watoto wamo watatu humo ndani, mwokaji kaniapia, mmoja kamwangukia Obdulia, haya, wawili wako wapi, msinifanye mjinga mimi, na Obdulia anacheka, wake kamsimamisha juu ya kikombe cha chokoleti, kitoto cheupe cha plastiki kisichozidi kucha, anasema muulizeni mume wangu, huyo ndiye mwizi, na Fermín anaruka, mimi? mimi tena? kila mwaka mimi, tazameni basi, anaachama mbele ya kila mtu, humu hamna kitu ila meno ya kununua, meno ya kununua na uchoyo, anasema mkewe, mwaka ule si ulimmeza, ukasema heri tumbo liume kuliko kupikia watu tamale, na wote wanaangua kicheko, nami natikisa mabega nionekane nacheka, midomo nimeifunga, kwa sababu nikifungua tu nimekwisha.

Maana sheria haibembelezwi, umempata mtoto kwenye kipande chako, umepata kazi, Sikukuu ya Mishumaa tarehe mbili Februari unawapikia wote tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake, tamale za kuku, tamale za pilipili na jibini, na ukimkana ukagundulika utasemwa mpaka Pasaka, ndivyo tulivyokua sote, na mimi siogopi kupika, nimepika maisha yangu yote, ninachoogopa ni Evaristo wangu huyu aliyekaa ubavuni pangu na sweta lake la baridi ya kwetu Toluca mabegani ingawa joto la pwani hii ya Zihua linawatoa wenzake jasho, nikimtema mtoto huyu watapiga makofi, watasema haya, Februari kwa Amparo, naye itabidi afurahi, atasema sawa, haturudi nyumbani mpaka tarehe mbili, nitakanda unga mwenyewe, na mimi nitakaa hapa nimwangalie akipanga, mimi ninayejua kwamba Februari hana, hana, Novemba daktari alinivuta ukumbini akafunga mlango, Evaristo yuko ndani anafunga vifungo vya shati, akasema mama, ni saratani ya kongosho, imeshatambaa, nikamuuliza Februari je, sijui kwa nini ilinitoka Februari, labda kwa ajili ya hizo tamale, akatazama viatu vyake, akasema mpeleke anapopapenda, usingoje, na Griselda mwanangu kwenye gari ananinong'oneza, mama, baba asijue, akijua atalala asiamke, mwambie ni vidonda vya tumbo, nikamwambia, vidonda vya tumbo mzee wangu, uache pilipili, naye akasema haya, akaacha... akaacha hivi hivi, mtu anayebishana hata na redio, mtu aliyekataa kuacha sigara mpaka padri akaingilia, akaacha pilipili siku hiyo hiyo bila neno, na mimi mpumbavu nikashukuru.

Au nimmeze, nimmeze tu, nimemeza mangapi tangu Novemba, plastiki hii si kitu kwangu, lakini bila kinywaji hapiti, na chokoleti iko mbali, nikinyoosha mkono wataona, na nina hasira, nasema kweli, nina hasira na bahari hii inavyong'aa kana kwamba hapajatokea kitu, nina hasira na Obdulia anayemtukana mumewe kwa raha zake, mtukane, mtukane dada, utakuwa naye Februari, na Machi, na mwakani atakuachamia tena meno yake ya kununua, na mimi nitakuwa Toluca kwenye baridi na magauni meusi nikipokea majirani wanaoleta kahawa, na kwenye hiki chumba chetu cha mlango wa buluu atalala mwingine... chumba, ndiyo, chumba, kila mwaka hatujashusha hata begi Evaristo anamwita Doña Chole, mwakani tuwekee kile kile, usimpe mtu, na Doña Chole anamjibu mwakani Mungu akipenda, naye anasema atapenda, nimeshaongea naye, na mwaka huu hakusema, nilimwona akipitisha kiganja kwenye ule mlango kama anayempapasa farasi, nikadhani kasahau, nikataka hata kumkumbusha, nikajizuia kwa sababu ya kile ninachojua mimi.

Na kofia, kofia yake ya nyasi kampa Fermín juzi, chukua compadre, jua linakipasua hicho kipara, Fermín akasema nakopa tu, Evaristo akasema usinirudishie, ina jasho lako sasa, tukacheka, mimi pia nilicheka, ee Mungu.

Shemeji Amparo! huyu ni Fermín, kanigeukia, na kofia ile ile kichwani, mbona shemeji hasemi kitu, mchunguzeni shemeji, na Doña Chole ananitazama, Amparo wewe, mwanangu, unaye? nami natikisa kichwa, hapana, naonyesha shavu, jino, jino linaniuma, na ananiamini, miaka yote sijawahi kumdanganya, haya pole, anasema, nitakupa karafuu, ananiruka anaenda kwa Evaristo, na wewe mzee, leo umekabwa na mkate? maana ungempata wewe tungeshasikia mpaka bandarini, na ni kweli, huyu hajawahi kumficha mtoto, wenzake wanameza, wanatia mfukoni, wanasukuma kwa kisu kwenye kipande cha jirani, yeye anapanda naye juu ya benchi, amezaliwa! amezaliwa! anambusu, anawabusisha na watalii wasiojua kinachoendelea, na mwaka alipomkosa alimwomba wa Fermín, nani duniani anaomba kupikia watu, na alfajiri ya tarehe mbili ananiamsha, amka bibi, watu wana njaa, anapaka unga kwenye maganda ya mahindi kwa vidole gumba vile vinene, anafunga kamba kwa nguvu mpaka wageni wanafungua kwa meno wakilaani, na yeye ndiyo raha yake, sasa Doña Chole kamuuliza naye anatikisa kichwa, hapana, anatabasamu, midomo imefungwa.

Midomo imefungwa. Hajasema neno tangu tulipoanza kula, Evaristo, anayeongea hata usingizini, chokoleti yake imeganda utando juu, hajainywa, sweta linateleza begani hajali, na pale shavuni upande wa kushoto, kwenye pengo la gego alilong'olewa, pana kinundu, kidogo, hakikuwepo asubuhi nilipomnyoa, kinapanda, kinashuka, anakisogeza kwa ulimi taratibu kwa kukihurumia, basi wa tatu yuko wapi, Doña Chole, wa tatu ni huyo, anaye, anaye na anamkana, mtu wa benchi, mtu wa amezaliwa, anamkana mtoto kwa kuwa hawezi kuahidi Februari mbele yangu, anajua, nani kamwambia, hakuna, mwili wake umemwambia, au alisikia kupitia ule mlango akifunga vifungo, na tangu siku hiyo ananiachia nimdanganye, anakunywa dawa zangu za vidonda vya tumbo na kusema zinasaidia, bibi, zinasaidia kweli, alikuwa ananilinda mimi, usiku kucha mimi nikilia kimya ukutani nisimwamshe naye yuko macho nyuma yangu anahesabu pumzi zangu, mzee wangu wewe, mzee wangu, mbona ulibeba peke yako.

Kageuka ananitazama. Hanitazami machoni, ananitazama shavu, hili langu la jino linaloniuma, anatazama muda mrefu, na tabasamu lote linafutika usoni mwake, naye kajua kwamba ninaye, na kwa nini, nataka kumwambia Evaristo, nataka kumuuliza tufanyeje sasa, hatuna hata uongo wa kutushika, lakini siwezi kufungua mdomo, nina wangu na yeye ana wake, na Doña Chole anakusanya sahani, anasema mwokaji kaniibia, nitamwendea kesho, basi itabidi Obdulia atupikie peke yake, lakini tarehe mbili wote mko hapa, sitaki visingizio, Evaristo, Amparo, mmesikia? na chini ya meza mkono wa Evaristo umelishika goti langu, mkavu, mwepesi kuliko ulivyokuwa, na tunaitikia kwa kichwa sote wawili.