Mheshimiwa na Koti Lililofuliwa

Sijui kiumbe mwingine aliyepata heshima nyingi kwa kazi ndogo kama mtoto wa kiboko wa bustani ya wanyama anakofanya kazi baba yangu mdogo. Watu walipanga foleni tangu asubuhi kumtazama akilala. Sikusema akicheza. Akilala, kidevu juu ya ukingo wa bwawa, mdomo wazi kidogo, kama mjumbe wa kikao kirefu. Sura yake ilikuwa kwenye fulana, kwenye vikombe, na kwenye simu ya mwalimu wetu wa nidhamu, ambaye pale bwenini hatujawahi kumshuhudia akipenda chochote chenye uhai.

Jina rasmi la kiboko huyo lilipigiwa kura mtandaoni, likatoka refu na la kipuuzi. Nyumbani tulimwita Mheshimiwa. Likizo ilipoanza, nilitundika kibao kwenye uzio wake: MHESHIMIWA HUPOKEA SHIKAMOO. TAFADHALI MSISUKUMANE. Kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimewaona mabwana wenye mvi wakimwamkia kwa adabu zote mtoto ambaye bado ananyonya chupa. Mmoja alisimama akisubiri jibu, na mimi, kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikamwitikia kutoka nyuma ya pipa la taka: "Marahaba, mwanangu."

Baba Mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaking'oa kibao na kunipa ufagio.

Yeye ndiye aliyemlea Mheshimiwa. Mama kiboko alikufa mtoto akiwa na siku chache tu, na tangu hapo Baba Mdogo alikuwa akimnywesha maziwa, akimsugua mgongo, na kumsimulia habari zote za mtaani, maana ni mtu asiyejua kunyamaza. Kila alipoingia kwenye zizi alivaa koti lake la mvua la njano, na koti hilo halikufuliwa hata mara moja. Lilinuka maziwa yaliyochacha, tope, na mambo mengine ambayo kwa heshima ya msomaji sitayataja. Mkewe, Mama Mdogo, alilipiga marufuku ndani ya nyumba. Lilining'inia kwenye msumari nje, peke yake, kama mgonjwa wa kuambukiza.

"Lifue walau mara moja," Mama Mdogo alikuwa akisema.

"Nilifue? Yule mtoto macho yake si kitu. Ananitambua kwa pua. Hili koti ndilo mama yake."

"Basi mama yake anahitaji sabuni."

Tatizo ni kwamba Mheshimiwa alikuwa anakua. Kiboko anayedhani yeye ni mtu hupendeza akiwa na ukubwa wa sofa. Akiwa na ukubwa wa gari, anavunja watu mbavu kwa mapenzi. Ilibidi ahamie kwa Bi Mkubwa, kiboko jike mzee wa bwawa la jirani. Walishanusana kupitia nondo wiki nyingi, na Bi Mkubwa hakuonyesha ubaya. Lakini kila lango la katikati lilipofunguliwa, Mheshimiwa aligeuka, akakimbilia kwenye koti la njano na kulia mpaka afunguliwe. Watazamaji walipiga makofi. Video zikasambaa.

Daktari wa wanyama hakupiga makofi. "Tunajaribu mara moja tu tena," alimwambia Baba Mdogo mbele yangu. "Akikataa, atapelekwa bustani nyingine, akaishi peke yake nyuma ya ukuta. Hatuwezi kumwacha akue hivi."

"Atakubali," Baba Mdogo alisema. Siku nzima ile hakuongeza neno, na ndipo nilipoogopa.

Meneja, kwa hekima yake, aliwaita waandishi wa habari waje kushuhudia. Baba Mdogo alifika kazini mapema kuandaa bwawa, akiacha koti lake msumarini ili mimi na Mama Mdogo tuje nalo. Tulipomletea, alikuwa tayari kwenye uzio, kamera zimejaa. Akalivaa bila kutazama. Kisha pua yake ikacheza.

"Mama watoto. Umefanya nini?"

"Nimelifua," Mama Mdogo alinong'ona kwa fahari. "Utaonekana kwenye televisheni, mume wangu. Nisingekubali uonekane unanuka."

"Kuonekana ninanuka," alisema Baba Mdogo, lakini hakukuwa na muda. Lango lilishafunguliwa.

Mheshimiwa alitoka, akamwona Bi Mkubwa, akageuka kama kawaida na kuja mbio kwenye nondo. Akaweka pua kwenye koti. Akapiga chafya. Akarudi nyuma hatua moja, akalitazama lile jitu la njano linalonukia waridi, kisha akaanza kuzunguka akilia. Watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu alikuwa anamtafuta mtu aliyesimama mbele yake.

"Mwite!" mtu akapaza sauti. "Mwite, mzee!"

"Mwite basi," meneja alihimiza, akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Anaijua sauti yako."

Ni kweli, aliijua. Neno moja tu lingetosha. Nilimwona Baba Mdogo akivuta pumzi, mdomo ukafunguka, na mimi ninayecheka hata kwenye sala ya asubuhi sikuona cha kuchekesha. Mheshimiwa alilia tena. Baba Mdogo akaziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo.

Kutoka majini Bi Mkubwa akaguna. Mheshimiwa akasita. Bi Mkubwa akaguna tena. Mtoto akateremka polepole, akazama, na kwa muda hatukuona kitu ila mapovu. Daktari alishika lango. Kisha kichwa kidogo kikaibuka kando ya shingo ya Bi Mkubwa, naye akamlalia kwa kidevu chake kikubwa, kama anayeweka mzigo mahali pake.

Watu wakashangilia. Baba Mdogo akashusha mikono.

Mama Mdogo alikuwa ameshaelewa, na alikuwa analia. "Nisamehe. Hata hakukujua."

Baba Mdogo akalivua koti, akamkabidhi.

"Sabuni ile imebaki?"

"Imebaki nusu."

"Basi lifue tena kesho," alisema. "Na keshokutwa."