Chumba cha Kuelekea Bahari

…na waendelee kubisha tu, mlango ni wa mbao nzito, baba aliuchagua mwenyewe alipojenga hii nyumba ya likizo, alisema kitu chepesi karibu na bahari huliwa na chumvi, kwa hiyo wagonge mpaka vidole viote sugu, mimi nimelala, nimelala chali katikati ya kitanda kikubwa, hata viatu sijavua, Dada, tumefika, huyo ni mdogo wangu, na sauti yake ile ya upole anayoitoa akitaka kitu, fungua basi tuingize mabegi, tuingize, yaani kichwani mwake ameshaingia, ameshatundika mashati, na nyuma yake wifi ananong'ona, labda kasinzia maskini, safari imemchosha… sijachoka, wifi, nimepanda basi la alfajiri makusudi niwawahi, ila moyo unanienda mbio kama mwizi, mwizi wa nini sasa, wa kitanda cha baba yangu mwenyewe, lakini utaratibu wa nyumba hii sote tunaujua, vyumba ni vya wenye ndoa, asiye na mwenzake analala sebuleni na watoto, na mimi tangu niachane na yule bwana ni wa sebuleni, mtu mzima na mvi zangu, kazini nikiingia watu wanakaa vizuri kwenye viti, nikija huku ni godoro nyuma ya kochi, mpwa mmoja anakoroma, mwingine anarusha mateke, na kila anayekwenda msalani ananiruka, na kwa kuwa jiko liko palepale, asubuhi wanatoka vyumbani wakijinyoosha, shangazi, chai tayari?… na hakuna aliyewahi kuniambia nilale chini, hilo ndilo linaloniuma, mwaka ule wa kwanza nililikunjua godoro mwenyewe, nikacheka, nikasema mimi popote nalala jamani, nilikuwa naona aibu ya kuachika, nikataka nisichukue nafasi ya mtu, nao wakalishika neno langu wasiliachie… Dada, unajua mgongo wangu ulivyo, sasa upole umepungua, mgongo wake, na huu uliombeba yeye akilia nyumba nzima mama akiwa kazini je, huu haujui sakafu, nyamaza, usimjibu hilo, ukianza hilo utalia na ukilia utafungua, nakujua… pazia linapepea, dirisha nimeliacha wazi, na hiyo sauti ni nini, inavuta, inatulia, inavuta tena, Mungu wangu, ni bahari, kumbe inasikika hivi, miaka yote nakuja baharini nalala nikisikiliza friji… Kitanda ni cha watu wawili, Dada, anasema, na wewe uko peke yako, hapo ndipo nanyoosha mkono huu mpaka ukingoni, na huu mpaka ukingoni, na miguu naitanua, kumbe nakijaza, kumbe mtu mmoja anakijaza kabisa, na moyo hauendi mbio tena, sijui umeacha saa ngapi, na aibu ile naitafuta nilikoizoea, siioni, Godoro liko nyuma ya kochi, nasema, kwa sauti yangu ya kazini, ile isiyorudiwa, wifi anaguna, halafu jamani anacheka, anajaribu kuzuia na kicheko kinamponyoka, na mume wake, mtoto wangu yule wa mgongoni, anauliza kwa unyonge, sasa asubuhi chai atapika nani… Atakayelala karibu na jiko, namwambia, na yangu aiweke sukari kidogo, furaha imenipanda mpaka kooni, nimeshinda, nimeshinda nikiwa nimelala, anabisha tena, taratibu, kidole kimoja tu, na mimi nainuka kidogo, navua kiatu cha kushoto, nakiacha kianguke sakafuni wakisikie, kisha cha kulia.