Ngumi Moja Kila Upande

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, Corinna Amstutz alimwekea mumewe mayai mawili ya kukaanga, akakaa mbele yake, akamwambia kwamba anataka kuondoka. Hakupaza sauti. Alisema amepata chumba cha kupanga kule Julian, milimani kwenye matufaha, na kazi katika duka la mikate la mama mmoja aitwaye Hedda, na kwamba chumba kitakuwa wazi tarehe mosi Desemba. Miaka ishirini na mbili ya ndoa ilikuwa imetosha. Verl alimsikiliza mpaka mwisho, akanyunyiza pilipili juu ya mayai, akasema, "Sawa, mpenzi. Ila kwanza tuchague fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa wa kujenga gari la mchangani. Verl alikuwa amekwenda kwenye vilima vya mchanga vya Glamis majira thelathini ya baridi, kila mara akipanda magari ya wenzake, na sasa zamu yake ilikuwa imefika: viti viwili, injini nyuma, matairi ya nyuma yenye makasia ya kuchota mchanga. Hapa Holtville mtu akifikia zamu hiyo hakuna anayemuuliza habari nyingine. Hata kasisi alimuuliza habari ya injini.

Verl hakuwa mume mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mume mbaya watu humjua, na mkewe akiondoka hupata wa kumbebea masanduku. Verl hakuwa mlevi, hakuwahi kuinua mkono, alifungua na kufunga milango ya mifereji ya mashamba kwa saa zilezile kila siku, na mbwa wake alipokufa alilia mbele za watu. Alimwahidi Corinna kwamba gari likikamilika atampeleka Julian yeye mwenyewe. Corinna alikuwa na ugonjwa mmoja: lazima amalize jambo alilolianza. Kwa mtu anayetaka kutoka, ugonjwa huo ni mbaya kuliko homa.

Kwa hiyo aliingia katika kazi ya kuchagua fundi kwa bidii kumshinda mwenye gari. Alijifunza kutazama mshono wa kuchomelea, kwamba ukiwa mzuri hulala kwa mapindo yaliyolingana. Alijifunza kuwauliza wateja wa zamani, na kumuuliza fundi kama yeye mwenyewe huingia mchangani au huishia kwenye karakana. Zaidi ya yote alijifunza kuuliza swali moja ambalo Verl hakuliuliza kamwe, nalo ni litakamilika lini.

Fundi wa kwanza alikuwa Mzee Nacho Urrea wa Calexico, mwenye karakana karibu kabisa na ukuta wa mpaka. Mafundi wa magari haya hawategemei futi ya kupimia peke yake. Humkalisha mteja kwenye kiti chake, halafu huyazungusha mabomba ya chuma kandokando yake na kuyashika kwa nukta za kuchomelea, wakiacha nafasi ya ngumi moja kila upande. Mzee Nacho alimaliza upande wa Verl kabla ya chakula cha mchana. Alipoanza upande wa Corinna, bomba la kwanza lilishika, likakaa kwa muda wa kuhesabu tatu hivi, likaachia na kuanguka sakafuni. Akalirudisha. Likaanguka tena.

Mzee Nacho akazima mashine, akavua kofia ya kuchomelea.

"Bibie, wewe unataka kukaa hapa?"

"Hapana, mzee," Corinna alisema.

"Ndiyo hiyo basi. Chuma changu hakishiki mtu asiyetaka. Kimekuwa hivi tangu enzi za baba yangu."

"Mzee, mimi ndiye mteja," Verl alisema. "Mimi nataka."

"Na upande wako umeshika, bwana. Nani kalalamika?" Akamgeukia tena Corinna. "Mpe mwaka. Akikubali kiti kimoja, njooni. Mimi sina haraka, nina kisukari tu." Akalicheka neno lake mwenyewe.

Njiani kurudi Verl alisema yule mzee mkono umekwisha, kuchomelea kwenyewe hakushiki. Alimfuta kwenye orodha. Corinna hakumtetea. Alikuwa ameusikia mwaka mzima ukitajwa, na mwaka mzima hakuwa nao.

Mafundi wa pili walikuwa ndugu wawili wa Yuma, wenye sifa kuliko wote na foleni ndefu kuliko zote. Mteja aliyekuwa mbele ya Verl kwenye foleni alikuwa amefariki mwezi wa kwanza, lakini bado alikuja kila Jumanne kuitazama fremu yake. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na wale ndugu walimpa kahawa ambayo hakuinywa.

"Wewe umengoja muda gani?" Corinna alimuuliza.

"Miaka mitatu na ushee," yule marehemu alisema. "Lakini kazi yao nzuri, lazima mtu aseme ukweli."

Corinna alimshukuru, akamvuta Verl mkono.

Fundi wa tatu alikuwa Dallin Pruett wa Brawley. Wateja wake wa zamani walimsifu, mshono wake ulilala vizuri, mchangani aliingia kila Ijumaa, na kazi aliimaliza kwa wiki saba. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na chumba kinachowangoja Julian. Verl alisitasita kiangazi chote, akilinganisha rangi. Mwanzoni mwa Septemba Corinna ndiye aliyempigia simu Pruett, ndiye aliyemwambia anza. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walipenda kukumbusha jambo hilo.

Pruett hakuuliza swali. Siku ya kupimwa, katikati ya Oktoba, aliwakalisha wote wawili, akazungusha mabomba, akachomelea tangu asubuhi hadi saa kumi na moja huku akipiga mluzi. Mabomba yalishika mara moja. Alipomaliza, Verl aliuchomoa usukani, akatoa mguu mmoja, kisha wa pili, akatoka. Corinna akatoa mkono, akatoa kichwa, na nyonga yake ikagonga bomba. Akajipinda upande mwingine, likagonga bega. Akatanguliza miguu, kikagonga kiwiko.

Walijaribu kwa saa nzima. Pruett, kuonyesha kwamba mlango hauna kasoro, alileta friji ndogo ya karakana na kuipitisha pale pale mapajani mwa Corinna, ikaingia na kutoka bila kukwaruza. Mbwa wa Pruett alipita. Verl mwenyewe alipita upande ule mara mbili.

"Unaona?" Pruett alisema. "Nafasi ipo. Ila kiti kimemkaa sawasawa huyu. Ni nadra kukaa namna hii."

"Kata bomba moja," Corinna alisema. "Hili hapa. Kata."

Pruett alimtazama Verl. Alieleza kwa upole kwamba fremu ikikatwa haiwi fremu tena. Mabomba yote hubebana, na ukikata moja yeye hawezi kuweka jina lake pale. Ataanza upya, na upya maana yake ni mwakani.

Verl alilishika lile bomba, akalipapasa na kidole gumba. Corinna aliona jinsi alivyolipapasa, na hapo alijua kwamba halitakatwa.

"Tungoje lipakwe rangi na ikauke kwanza, mpenzi," Verl alisema.

Corinna alirudishwa nyumbani juu ya trela, akiwa humohumo ndani ya fremu, akawekwa chini ya kibanda cha gari, kando ya mashine ya kufulia. Verl alimletea blanketi, taa, na bakuli la supu kila jioni. Mambo mengine ambayo mwili hudai yalipatiwa njia, na jirani yao Bibi Kloppenburg alisaidia kwa hayo bila kuona taabu, maana alikuwa muuguzi zamani. Kila asubuhi Verl alimvuta na trela hadi kazini. Corinna alifanya kazi kwenye mizani ya malori ya majani ya ng'ombe, na meneja alikubali aegeshwe dirishani, maana karani wa mizani anahitaji macho na mkono mmoja tu. Madereva walimsalimia kama siku zote. Mmoja alimwambia kwamba mkewe angependa kiti kama hicho.

Siku moja, malori yalipopungua, aliomba wamsukume yeye na gari lake juu ya mizani. Ilisoma ratili elfu moja mia tisa na nne. Corinna alichukua karatasi ya Pruett iliyokuwa imebandikwa kwenye dashibodi, yenye uzito wa gari tupu. Ratili elfu moja mia tisa na nne. Aliwaomba walisukume tena, wakalisukuma, mizani ikasoma vilevile. Aliiandika namba hiyo daftarini kama alivyoandika nyingine, kisha akalia, na dereva wa lori lililofuata akasubiri kwa adabu mpaka alipomaliza.

Rangi ilikauka. Verl alisema tumalizie nyaya. Nyaya zilikwisha, akasema tujaribu injini. Hedda alipiga simu kutoka Julian kuuliza kama bado anakuja, na Corinna akasema anakuja. Hedda alisema kuna msichana mwingine anakitaka kile chumba, lakini atamshikia mpaka tarehe mosi, siku moja zaidi hawezi.

Jumapili asubuhi, wiki mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Mzee Nacho alikuja nyumbani. Alikuwa amesikia, mafundi husikia. Aliegesha gari barabarani, akaja na grinda ya kukatia chuma mkononi na waya wake begani, akalizunguka gari mara mbili, akiutazama mshono.

"Kazi safi," alisema hatimaye. "Laana, lakini safi."

"Mzee, kata. Verl yuko mferejini, harudi mpaka saa sita. Tundu la umeme hilo hapo."

Mzee Nacho alichomeka waya. Akavaa miwani. Akaliweka jiwe la grinda juu ya bomba, na kidole juu ya swichi, akabaki hivyo muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Binti yangu, sisi mafundi hatukati fremu ya mwenzetu. Labda mwenye gari aseme. Mwenye gari akisema, dakika mbili tu."

"Na anayekaa ndani akisema?"

Mzee Nacho alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na alifikiri kweli kweli, mpaka jasho likamtoka.

"Hilo hatuna," alisema. "Miaka hamsini niko kwenye kazi hii. Hilo hatukuliwekea kanuni."

"Basi liwekee leo, mzee!"

"Ningekuwa nimeijenga mimi, ningekata," alisema. Akakunja waya wake taratibu, akaacha tamale sita zilizofungwa kitambaani kwenye mashine ya kufulia, mahali ambapo mkono wa Corinna ungefika. Zilikuwa za unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, nzuri sana. Alizila huku anamlaani.

Siku ya Sikukuu ya Shukrani walikuwa Glamis, pamoja na maelfu ya watu na matrela yao, na moshi wa bata mzinga ukipanda kila upande. Gari lilikwenda kama alivyotaka Verl. Lilipanda kilima kirefu bila kuhema, likalala ubavu kwenye mabonde na kuinuka, na Corinna hakugonga popote. Nafasi ilikuwa ngumi moja kila upande, juu na chini. Wanaume walikuja kulitazama. Pruett alisimama kando na kijitabu, akiandika majina.

Jumamosi mchana, Verl akiwa amekwenda kuazima pampu ya upepo, kijana mmoja wa El Centro alimsogelea Corinna pamoja na mkewe aliyebeba mtoto. Aliinua kofia kwa heshima. Alisema wanachagua fundi, na kwamba wameambiwa wasimwamini fundi kabla ya kumuuliza mteja wake wa zamani.

"Ni kweli mama hutikisiki hata kidogo humo ndani?"

"Hata kidogo," Corinna alisema. "Siwezi kutoka. Mwambie mkeo asikae."

"Umesikia?" kijana alimwambia mkewe, akicheka kwa furaha. "Hata kidogo!" Akaenda kwa Pruett. Mkewe alibaki nyuma, akaupitisha mkono wake katikati ya mabomba na kuutoa, mara mbili tatu, akaona kwamba unapita. Mumewe alipomwita, alikwenda.

Simu ya Corinna ilionyesha saa tisa na robo. Kesho yake ilikuwa tarehe mosi Desemba. Kutoka Glamis hadi Julian ni mwendo wa saa mbili na nusu, na grinda hazikosekani kambini. Kutoka pale alipokaa aliweza kuhesabu nne, moja ikiwa kwenye sanduku la Verl mwenyewe.

Verl alirudi na pampu, akajaza tairi la nyuma, akaingia upande wake na kupachika usukani. Kisha aliinama kumkazia mkanda, kwa uangalifu, kama alivyofanya kila mara, akihakikisha haumbani shingo.

"Verl," Corinna alisema. "Mimi nataka kutoka. Sikutaka kuingia humu tangu mwanzo. Nilikuambia mwezi wa tatu."

"Najua, mpenzi," Verl alisema, akawasha injini.