Injini ya Marehemu Baba

Waliompa jina la Msasa hawakukosea. Chuma chochote kikipita mikononi mwake kilitoka kinang'aa, na mtu aliyemkwaruza, naye alikwaruzwa mpaka damu. Kwa hiyo siku mdogo wake aliposukuma pikipiki kuukuu ya marehemu baba yao mpaka mlangoni pa banda lake, fundi wa tairi wa jirani aliacha pampu akasogea. Mambo kama hayo hayataki kusimuliwa.

"Habari za kazi, kaka," mdogo mtu akasema, meno yote nje. "Wa kuitengeneza ndani nilimpata. Wa kuing'arisha nimemkosa, ikabidi nije kwako."

"Kwani ndani iliharibikaje?"

Mdogo mtu akamkonyeza fundi wa tairi. "Yameshapita hayo. Kesho naenda nayo ukweni. Nataka wakwe zangu wajitazame humo kama kwenye kioo."

"Na sura yako watakayoiona humo?" fundi wa tairi akadakia. "Wataghairi!"

Iliharibikaje? Ndugu wote wawili walijua. Mdogo mtu ndiye aliyeiendesha bila oili mpaka injini ikakaba, isizunguke tena, kisha akawahi kwa mama yao na kudai ni Msasa aliyeiua. Mama, ambaye kila jioni muungurumo wa injini ile ndio uliomwambia mumewe anarudi, aliamini. Tangu hapo hakupokea hata salamu ya mwanawe mkubwa. Msasa hakuililia pikipiki. Alimlilia mama, na aliapa kwamba aliyemnyang'anya mama huyo atakiona cha mtema kuni.

"Iache," akasema. "Njoo asubuhi."

Akaifungua injini, akaiweka juu ya meza. Akaiosha tope na uchafu ulioganda kwa mafuta ya taa, akachokonoa kila mfereji wa silinda kwa brashi ya waya. Akapitisha msasa mkali, kisha laini, mwisho kitambaa na dawa ya kung'arishia. Kila uso wake ulipoanza kuonekana kwenye kifuniko, aliusugua kwa hasira zaidi.

Katika kazi hiyo, kwanza fundi huziba matundu yote kwa matambara, maana mchanga ukiingia ndani injini inajitafuna yenyewe. Msasa aliyaziba yote, hakuacha hata moja. Lakini alipokwisha kuirudisha mahali pake, alizibua tundu la oili, akachota konzi ya mchanga sakafuni, akautia taratibu kama mtu anayetia chumvi chunguni. Raha ilioje! Alishamwona mdogo mtu katikati ya njia, suti mwilini, jasho shingoni, anasukuma.

Asubuhi mdogo mtu akaja, ila hakuja peke yake. Alikuwa amemshika mkono mama yao, ambaye siku hizi macho yake yalikuwa na ukungu.

"Mama anataka kuisikia kabla sijaondoka."

Mama akapapasa tangi, akashuka mpaka kwenye injini. Vidole vikateleza. "Nani kaisafisha hivi?"

"Mimi, mama," Msasa akasema.

Mama akapapasa tena. "Hata baba yako hakuweza kuifikisha hapa, mwanangu," akasema. "Haya, iwasheni."

Neno "ngoja" likamfika Msasa kooni. Lakini kulitoa ni kumwokoa yule mwongo, aliyesimama pale anachekelea. Akalimeza.

Mdogo mtu akapiga kiki. Injini ikaunguruma. Mama akafumba macho, akatabasamu. "Ndiye yeye," akasema. "Huyo anakata kona."

Msasa alikuwa bado anautazama uso ule injini ilipoanza kukwaruza. Ikalia kama kisu juu ya jiwe, ikakaba.

Mdogo mtu akazibua tundu la oili, akachovya kidole, akakifikicha. Akashtuka. Halafu, kwa upole mkubwa, akampaka mama yake oili ile kiganjani. "Fikicha mwenyewe, mama. Mchanga huo."

Mama akafikicha. Fundi wa tairi akarudi haraka kwenye pampu yake.

"Kumbe mdogo wako alisema kweli," mama akamwambia Msasa. "Na mimi nilikuwa nimeanza kumtilia shaka."

Akageuka, akatangulia kutoka, anapapasa ukuta wa banda. Mdogo mtu akachelewa makusudi, akainama sikioni kwa Msasa.

"Asante sana, kaka."